Rangi ya swichi haitoshi kutuliza kelele za kibodi ofisini

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji tuzungumzie jambo dogo linalogombanisha watu wanaokaa chumba kimoja cha kazi: kelele za kibodi za kimakanika. Ushauri unaozunguka kila mahali ni mmoja. Usinunue swichi za bluu, nunua za kahawia, na ukitaka utulivu zaidi chukua nyekundu. Sisi tunaozifungua na kuzitengeneza kibodi hizi tunasema ushauri huo ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo inayomkera jirani.

Tuanze ndani ya swichi yenyewe. Kila kitufe kina swichi yake: ganda la chini, ganda la juu, springi, vipande viwili vya shaba vinavyogusana, na shina la plastiki linalopanda na kushuka katikati. Kofia yenye herufi huvikwa juu ya shina hilo. Aina ziko tatu. Swichi za linia hushuka moja kwa moja bila kikwazo. Za taktaili zina kijinundu ambacho kidole hukihisi njiani. Za kliki zina kijinundu na pia kifaa cha makusudi cha kutoa mlio. Kwenye Cherry MX Blue, yaani swichi ya bluu ya kiwanda cha Cherry, ni kipande kidogo kinachoteleza kwenye shina, kwenye Kailh Box White ni kijiti chembamba cha chuma kinachofyatuka. Mlio huo hutoka hata ukibonyeza taratibu bila kufika chini, kwa hiyo hakuna mpira, sponji wala mkeka utakaounyamazisha. Swichi za kliki hazina nafasi katika chumba cha watu wengi, na hapo hatubishani na wauzaji.

Tatizo linaanza baada ya kuziondoa. Shina likifika mwisho wa safari, plastiki hugonga plastiki ndani ya ganda la chini. Kidole kikiachia, springi hulirusha shina juu na mabega yake hugonga ganda la juu. Ni vishindo viwili kwa kila herufi, na swichi nyekundu inavyo vyote viwili sawa na ya bluu. Cherry MX Red huwaka, yaani hupeleka herufi kwenye kompyuta, ikishuka milimita 2.0, kwa nguvu ya sentinyutoni 45, yaani takriban uzito wa gramu 46, na safari yake yote ni milimita 4.0. Springi ni nyepesi, basi kidole cha mwandishi mwenye kasi hupita pale inapowakia na kutua chini kwa nguvu iliyobaki. MX Brown haina nafuu kubwa: kijinundu chake ni kidogo mno kukizuia kidole. Mtu aliyebadilisha bluu kwa kahawia ameondoa mlio mwembamba unaochoma sikio na kubakiza mgongano wote.

Swichi tulivu za kweli hutambulika kwa kitu kimoja: pedi ndogo za mpira laini kwenye mabega ya shina, upande wa chini na upande wa juu pia. Shina likishuka linatua juu ya mpira. Likipanda linapokelewa na mpira. Pedi zinakula nafasi, ndiyo maana Cherry MX Silent Red ina safari ya milimita 3.7 badala ya 4.0 na huwaka kwenye milimita 1.9. Kwa upande wa linia, pamoja na hiyo na kaka yake mzito MX Silent Black, zipo Gateron Silent, Durock Dolphin na Outemu Silent Peach. Anayependa kijinundu atafute Boba U4 ya Gazzew, Zilent ya ZealPC, Gateron Aliaz, Durock Shrimp au Outemu Silent Lemon. Orodha ni ndefu kuliko hii na kila msimu inaongezeka, kwa hiyo kujua namna ya kukagua kuna faida kuliko kukariri majina.

Ukaguzi wenyewe ni rahisi. Shika swichi moja karibu na sikio, ibonyeze hadi chini polepole, kisha iachie ghafla. Usisikilize inaposhuka, sikiliza inaporudi. Swichi ya kawaida hutoa "tak" kavu juu. Iliyo na pedi pande zote mbili hutoa pumzi tu. Bado una shaka? Ifungue: bana ndimi za ganda kwa kifungulio cha swichi au kwa bisibisi ndogo bapa, inua ganda la juu, toa shina, utazame mabega yake. Pedi huwa na rangi tofauti na plastiki ya shina na ukizigusa kwa ukucha zinabonyea. Zikiwa upande mmoja tu, hiyo ni swichi nusu tulivu.

Jihadharini hasa na majina yanayofanana. Boba U4 ni tulivu. Boba U4T haina pedi na imetengenezwa makusudi itoe sauti nzito ya kugonga. Herufi moja, na watu wananunua swichi 90 za aina isiyo sahihi. Rangi nazo hazina sheria inayofungamanisha viwanda vyote. Nyekundu, kahawia na bluu zimezoeleka kumaanisha linia, taktaili na kliki kwa sababu viwanda vingi vilifuata mtindo wa Cherry, lakini nje ya hizo tatu kila kiwanda hupaka kinavyotaka. Neno "tulivu" kwenye kasha nalo halitoshi, maana wauzaji wengine huliandika kwenye linia yoyote kwa hoja kwamba haina mlio wa kliki.

Kuhusu uzito, soma gramu kwa uangalifu. Kuna nguvu inayohitajika kuiwasha swichi na kuna nguvu ya kuifikisha chini kabisa, na viwanda havitaji ileile. Sentinyutoni 45 za MX Silent Red ni za kuwashia. Gramu 62, 65, 67 na 78 za Zilent ni za kufika chini. Anayelinganisha 45 na 62 akidhani ya pili ni nzito karibu mara moja na nusu anajidanganya. Kwa kazi ya ofisi ya kutwa, mtu mwenye vidole vizito anafaidika na springi nzito kidogo, kwani inapunguza kasi ya kutua. Mtu anayeandika kwa wepesi hana haja ya kujichosha nayo. Boba U4 hupatikana kwa gramu 62 na 68, na kwa wengi ya 62 inatosha.

Pedi zina gharama yake, na muuzaji mwaminifu angeitaja. Mguso wa chini unakuwa wa kulegea, hauna ule ukomo mkavu ambao wapenzi wa kibodi za kimakanika huufurahia. Kwenye linia tulivu ulegevu huo unahisiwa zaidi, kwa kuwa hakuna kingine cha kuhisi. Kwenye taktaili, kijinundu kinachukua usikivu wa kidole, kisha mpira unapita bila kusumbua sana. Kwa sababu hiyo, ofisi ikituuliza ianze na ipi kwa watu ambao hawajawahi kuchagua, tunasema taktaili tulivu. Linia tulivu ibaki kwa anayejua tayari kwamba anapenda linia.

Wapo watakaosema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Ofisini ng'ombe amepangiwa kiti kando ya chura saa nane kwa siku. Na hesabu ya sauti haimpendelei. Desibeli hazijumlishwi kama mayai: kibodi mbili zenye kelele sawa huongeza desibeli 3 juu ya moja, na kumi huongeza desibeli 10, kiasi ambacho sikio hukisikia kama sauti iliyokaribia maradufu. Geuza hesabu hiyohiyo upande wa pili. Kibodi moja inayozidi nyingine kwa desibeli 10 inatoa nguvu ya sauti sawa na kumi tulivu zikiandika kwa pamoja. Kwa hiyo ofisi ikibadilisha kibodi tisa na kumwachia mmoja swichi zake za bluu kwa kuwa ndiye mwandishi hodari kuliko wote, imetumia fedha, na bado huyo mmoja peke yake anatoa zaidi ya nusu ya nguvu ya sauti iliyobaki. Umbali unasaidia, lakini si kama watu wanavyodhani: penye uwazi, kuongeza umbali maradufu hupunguza desibeli 6, na ndani ya chumba kuta na dari hurudisha sehemu ya sauti hiyo.

Ukitaka kupima, programu ya simu itakupa tarakimu ambazo si za kuaminika zikiwa peke yake, ila zinafaa kwa kulinganisha. Weka simu mahali ambapo kichwa cha jirani hukaa, si mbele ya anayeandika. Tumia meza ileile, matini ileile, mwandishi yuleyule, dakika moja kwa kila kibodi, na kiyoyozi kikiwa kimezimwa kama inawezekana. Halafu mwulize jirani mwenyewe. Mwandishi huihisi kibodi yake vidoleni pamoja na kuisikia, na mara nyingi hukumu yake ni tofauti na ya aliye pembeni.

Sasa tufike kwenye sehemu inayosahaulika kuliko zote: vitufe vikubwa. Kitufe cha nafasi, Enter, Shift mbili na Backspace ni vipana kiasi kwamba swichi moja haiwezi kuvishusha vikiwa sawa, hivyo kila kimoja kina stabilaiza, yaani waya uliopinda unaounganisha mashina mawili ya pembeni. Kibodi yenye sehemu ya namba ina nyingine tatu, kwenye sifuri, kujumlisha na Enter ya pili. Waya ukiwa na nafasi ndani ya shina lake, unatetemeka na kugonga. Katika kibodi ya swichi za kawaida, mtetemo huo humezwa na kelele nyingine. Ukishatia swichi tulivu, unabaki peke yake, na kitufe cha nafasi ndicho kinachobonyezwa kuliko kingine chochote. Watu hurudisha swichi dukani wakidai si tulivu, kumbe kinachopiga kelele ni waya wa stabilaiza.

Kuzirekebisha kunahitaji subira kuliko ujuzi. Toa stabilaiza zote kwenye bodi; zile zinazoshikwa na bodi ya saketi zitalazimu kutoa swichi na bamba, yaani ubao mwembamba unaozishika swichi juu ya bodi, kwanza; zile zinazoshikwa na bamba huchomoka kwa juu. Laza kila waya juu ya kioo bapa na ubonyeze ncha moja. Ncha nyingine ikiinuka, waya umejipinda. Unyooshe kwa koleo kidogokidogo hadi utulie pande zote. Mashina ya stabilaiza za mtindo wa Cherry yana viguu viwili vidogo chini ambavyo hukunja vinapogonga bodi. Vikate kwa kikata waya bapa ili uso uwe sawa. Mengine hutoka kiwandani yakiwa bapa tayari, hayo yaache. Paka grisi ya Krytox 205g0 kwa brashi nyembamba ndani ya kuta za nyumba ya stabilaiza, tabaka jembamba tu, kisha chovya ncha za waya kwenye grisi nzito ya umeme isiyopitisha mkondo, hapo usiwe bahili. Kwa stabilaiza zinazokaa juu ya bodi, bandika kipande cha plasta ya kitambaa chini ya kila nyumba, ukiacha matundu na njia za umeme zikiwa wazi, ili shina litue juu ya kitambaa badala ya juu ya bodi. Kama waya bado unacheza, kata ukanda mwembamba wa plasta hiyohiyo na uubandike ndani ya shina pale waya unapopita. Ukanda ukiwa mnene kupita kiasi, kitufe kitarudi kwa uvivu au kitakwama, na hapo hakuna njia ila kuubandua na kukata mwembamba zaidi.

Usisubiri kufunga kibodi yote ndipo ujaribu. Vika kofia ya kitufe cha nafasi peke yake, gonga kushoto, kati, kulia. Sauti za pande mbili zikitofautiana, upande wenye mlio unahitaji grisi zaidi au waya wake haujanyooka. Kofia ya kitufe hicho ni ndefu na tupu ndani, hivyo kipande cha sponji kilichobandikwa chini yake, kisichogusa swichi wala mashina, hupunguza mvumo wake vizuri.

Springi nayo ina mlio wake, mwembamba, unaosikika kama chuma kinachotetemeka baada ya kuachia kitufe. Dawa ni mafuta mepesi ya Krytox 105: weka springi zote kwenye mfuko wa plastiki, tia matone machache, jaza hewa, funga na utikise dakika mbili tatu. Lakini hii inadai kufungua kila swichi, na swichi nyingi tulivu siku hizi hutoka kiwandani zimepakwa tayari. Jaribu kwanza chache kabla ya kujitwisha kazi ya jioni mbili. Ukiamua kupaka, paka njia za shina kwenye ganda la chini na kuta za shina, usipake pedi. Grisi kwenye pedi huigeuza kuwa gundi. Kitufe kinashuka vizuri na kurudi kwa kusitasita. Mafuta ya petroli ya aina yoyote yasikaribie hapo kabisa, kwani yanaweza kuvimbisha mpira. Na kwenye swichi za taktaili, acha zile ndimi mbili za shina zinazosugua shaba zikiwa kavu, la sivyo kijinundu ulicholipia kitafifia.

Tunaulizwa sana kuhusu oringi, vile vipete vya mpira vinavyovikwa ndani ya kofia. Vinapunguza kishindo cha chini tu. Kishindo cha juu kinabaki vilevile, safari inafupishwa, na kama kofia haina mbavu za ndani za kuegemea, kipete hakifanyi kazi yoyote. Ni suluhisho la mtu mwenye kibodi iliyolehemiwa ambayo hataki kuifungua, basi. Tepu ya karatasi nyuma ya bodi, inayosifiwa sana mtandaoni, hubadilisha rangi ya sauti. Wengi huipenda kwa sababu inaifanya sauti iwe ya kina na dhahiri zaidi, jambo ambalo ni kinyume na tunachotafuta hapa.

Sponji ndani ya ganda la kibodi inasaidia kweli, hasa kwenye maganda ya plastiki yenye uwazi mkubwa chini. Kati ya bamba na bodi ya saketi kuna nafasi ya milimita 3.5 kwenye kibodi za kawaida, na karatasi za sponji za unene huo huuzwa zikiwa zimekatwa tayari. Chini ya bodi jaza bila kushindilia. Sponji iliyobanwa sana hupindisha bodi na kusababisha baadhi ya swichi zisiguse soketi zake. Angalia pia usitumie ile sponji nyeusi inayokuja na vipuri vya elektroniki kwa ajili ya kuzuia umemetuli. Hiyo hupitisha umeme, na ikigusa miguu ya bodi italeta vitufe vinavyojiandika vyenyewe.

Kofia nene za plastiki ya PBT, za milimita 1.4 au 1.5, hutoa sauti ya chini kuliko nyembamba za plastiki ya ABS, na kofia fupi hutoa mvumo mdogo kuliko ndefu. Faida ipo, ila ni ndogo, usianze nazo. Mkeka wa meza wenye unene wa milimita 3 au 4 una faida kubwa zaidi kwa gharama ndogo zaidi, maana meza ndefu inayotumiwa na watu wanne hupeleka mtetemo hadi kwenye kikombe cha wa mwisho. Ofisi inayotaka kufanya jambo moja leo kabla ya kuagiza chochote, ianze na mkeka.

Kabla ya kuagiza swichi, ijue kibodi uliyo nayo. Swali la kwanza: ina soketi au imelehemiwa? Yenye soketi hubadilishwa kwa mkono. Iliyolehemiwa ina maungio mawili kwa kila swichi, maana yake kibodi ya vitufe 87 ina maungio 174 ya kuyeyusha na kufyonza, na kosa moja la joto linang'oa njia ya shaba. Kwa ofisi, kibodi hiyo iuzwe au ipelekwe nyumbani, inunuliwe nyingine. Swali la pili: ni ya mtindo gani? Swichi za urefu wa kawaida za mtindo wa MX haziingii kwenye kibodi nyembamba za Kailh Choc, na kibodi nyingi za swichi za mwanga au za sumaku hazikubali swichi za shaba hata kama matundu ya bamba yanafanana, yaani milimita 14 kwa 14. Baadhi ya kibodi za bei ya chini zina soketi nyembamba zilizotengenezwa kwa pini za Outemu pekee. Ukilazimisha swichi nyingine utazivunja. Swali la tatu: pini tatu au tano? Swichi ya pini tano ina viguu viwili vya plastiki vya ziada pembeni mwa kiguu kikubwa cha kati. Bodi ikiwa na matundu matatu, vikate viguu hivyo kwa kikata waya, swichi itafanya kazi ileile. Viguu vya shaba usiviguse.

Idadi nayo inakosewa. Kibodi ndogo ya asilimia 60 ina vitufe 61, ya kati isiyo na sehemu ya namba 87 au 88, kamili 104 au 105 kutegemea mpangilio. Swichi huuzwa kwa makundi, mara nyingi ya 10, 35, 70, 90 au 110. Ila anza na kumi za kila aina unayoifikiria. Zipange kwenye safu ya kati ya kibodi, pale vidole vinapokaa, uandike nazo siku nzima ya kazi ya kawaida. Zile bodi ndogo za maonyesho zenye swichi tisa hazisemi kweli, kwa sababu swichi haijashikwa na bamba wala ganda, na sauti ya kibodi ni ya vyote vitatu.

Siku ya kubadilisha, chomoa waya wa USB kwanza. Ng'oa kofia kwa kifaa cha waya, si cha plastiki kinachokwaruza. Kibano cha kutolea swichi kishike juu na chini, kwenye ndimi za ganda, kisha vuta wima. Ukiyumbisha kushoto na kulia unaweza kung'oa soketi. Kabla ya kuchomeka kila swichi mpya tazama pini zake mbili. Zilizopinda zinyooshe kwa kibano kidogo. Shikilia swichi wima, pini zikitazama matundu, bonyeza kwa dole gumba hadi ndimi zilie kwenye bamba. Ukihisi ukinzani usio wa kawaida, simama; pini inajikunja chini ya ganda, na ukiendelea hutaiona hadi utakapoandika na herufi ikakosekana. Kama ganda la kibodi limefunguliwa, weka kidole nyuma ya soketi wakati wa kubonyeza ili isibanduke. Chomeka waya, jaribu kila kitufe kabla ya kuvika kofia. Kitufe kisichoandika mara nyingi ni pini iliyokunjika. Kinachoandika herufi mbilimbili kina vumbi kwenye shaba au swichi mbovu. Ibadilishe, usipoteze muda kuitibu.

Usishangae swichi mpya tulivu zikiwa nzito kurudi kwa siku chache za mwanzo, hasa asubuhi za baridi. Pedi mpya hushikamana kidogo na ganda. Bonyeza kila moja mara mia kadhaa, zitafunguka. Ambayo bado inasita baada ya hapo ifungue, futa pedi kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, maana kiwanda huenda kilimwaga grisi mahali pasipostahili.

Tuna ombi pia kwa wanaoandika maagizo ya ununuzi maofisini. "Kibodi za kimakanika haziruhusiwi" ni sheria inayopiga mahali pasipo na kosa: kibodi ya kimakanika yenye pedi na stabilaiza zilizopakwa vizuri inaweza kuwa tulivu kuliko kibodi za mpira zilizochakaa. Na "swichi za bluu haziruhusiwi" haitoshi, tumeshaeleza. Agizo liandikwe hivi: kibodi yenye soketi za mtindo wa MX zinazokubali pini tano, swichi zenye pedi za mpira kwenye kushuka na kwenye kupanda, stabilaiza zilizotiwa grisi na zisizotetemeka, mkeka wa meza kwa kila kiti. Mtu asiyejali mguso apewe kibodi nyembamba ya mkasi kama za kompyuta mpakato. Nayo ni tulivu, ni rahisi, na hakuna sababu ya kumlazimisha fasheni. Wenye kibodi za Topre (zinazotumia mpira na springi badala ya swichi za shaba) za matoleo tulivu, kama HHKB Type-S, waachwe walivyo, kwani hazibadilishwi swichi na hazihitaji.

Katika agizo hilo ongezeni swichi za akiba, tano kwa kila kibodi, kutoka kundi lileile la utengenezaji, kwa kuwa pedi za makundi tofauti huweza kutofautiana ugumu. Akiba ikiisha na swichi ya kitufe kinachotumika sana ikafa, chukueni ya Scroll Lock mhamishie hapo, na ile mbovu ikae kwenye Scroll Lock.

Wasalaam,
Mafundi wa kibodi